Daktari aliyehofia kuwafukuza mbu

Juma hili nazungumzia jina ambalo ni nadra kulisikia Kwakoa wala Same mjini, ingawa kazi ya mwenye jina hilo iliingia hadi vyumbani mwa watu wa tambarare ya Pare. Ni Donald Bagster Wilson, daktari Mwingereza wa malaria.

Miaka ya 1930 Wilson na mkewe Mary walipima damu za wanavijiji wa Tanganyika. Matokeo yalichapishwa London mwaka 1936. Karibu kila mtoto mdogo alikuwa na vimelea vya malaria. Watu wazima walikuwa navyo vichache na hawakuugua sana. Walikuwa wamejijengea kinga, lakini hao ni wale waliosalimika utotoni. Wengine walikwisha kuzikwa.

Hapo ndipo Wilson alipoingiwa na hofu. Ukiwafukuza mbu kwa miaka michache, kisha fedha zikaisha, mbu watarudi na kuwakuta watu wasio na kinga tena. Je, hawatakufa wengi zaidi? Mwaka 1950 wataalamu walibishana sana juu ya jambo hilo katika mkutano wa malaria uliofanyika Kampala. Uamuzi ukawa kwamba vita vianze bila kusubiri. Mimi naona ndivyo ilivyopasa. Mama aliyempakata mtoto mwenye degedege humwambii angoje kinga.

Ajabu ni kwamba taasisi ya Amani, kule Usambara, aliyokuwa akiiongoza Wilson mwenyewe, ndiyo iliyokabidhiwa kufanya jaribio. Kuanzia mwaka 1955 nyumba za tambarare ya Pare, na za Taveta ng'ambo ya mpaka, zilinyunyiziwa dawa ya dieldrini kutani na mapaani. Mbu aina ya funestus karibu atoweke kabisa. Vifo vya watoto wachanga vikapungua.

Mwaka 1959 unyunyizaji ukasimama. Yale aliyoyahofia Wilson sasa yangejulikana.

Wataalamu wa Amani, akiwamo Dk. Pringle, waliendelea kuhesabu wazaliwa na waliokufa katika vijiji hivyo kwa miaka kadhaa. Malaria ilirudi, lakini polepole. Vifo vya watoto havikupanda tena kufikia kiwango cha zamani. Wakati huo vidonge vya klorokwini vilikuwa vimeanza kupatikana, na mzazi aliweza kumpa mtoto dawa homa ilipoanza.