Ua Kubwa Kuliko Yote, na Tumba Lisilopasa Kuchumwa



Sisi wenye mashamba ya karafuu riziki yetu ni tumba. Karafuu si tunda wala si mbegu. Ni ua ambalo halijachanua. Mchumaji hulingoja lipevuke, na likianza kugeuka wekundu hulichuma kabla halijafunguka, kwa kuwa likifunguka thamani yake hupungua. Wala mkarafuu haudhuriki kwa kuchumwa matumba yake, mradi matawi hayavunjwi. Msimu ukifika huzaa tena.

Katika toleo hili twapenda kuwaeleza habari za tumba jingine ambalo mambo yake ni kinyume cha hayo. Mikarafuu yetu asili yake ni visiwa vya Maluku, mashariki ya Indonesia. Upande wa magharibi wa nchi hiyohiyo, katika misitu ya kisiwa cha Sumatra, ndiko liliko ua kubwa kuliko maua yote ya dunia. Jina lake ni raflesia. Aina zake nyingine ziko Java, Borneo, Malaysia ya bara, Thailand na Ufilipino.

Ua hili la Sumatra huweza kufika upana wa mita moja. Lililopimwa huko Sumatra ya Magharibi mwaka 2020 lilikuwa na sentimita 111, yaani pana kuliko sinia ya pilau ya arusi. Lina makaa matano manene kama ngozi, rangi yake ni nyekundu ya matofali yenye mabaka meupe, na harufu yake ni ya nyama iliyooza.

Wazungu walilijua Sumatra mwezi wa Mei 1818, katika safari ya Sir Stamford Raffles, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza wa Bengkulu, pamoja na daktari wake Joseph Arnold. Lakini aliyeliona kwanza safarini ni mtumishi wao wa Kimalayo, naye ndiye aliyekwenda mbio kumwita daktari. Arnold alilipima akaona upana wake yadi moja kamili, na uzito wake ratili 15. Wenyeji walikuwa wamekwisha kulijua, wakiliita kijaluba cha shetani cha tambuu. Mwaka huohuo Arnold alikufa kwa homa, na mtaalamu Robert Brown wa London akalipa ua majina ya wakubwa wale wawili: Rafflesia arnoldii. Jina la mtumishi halimo.

Sasa natueleze maisha yake. Kila mmoja wetu aujua mlangamia, zile nyuzi zitambaazo juu ya vichaka vya pwani na kunyonya utomvu wa miti ya wenyewe. Raflesia ni mnyonyaji aliyezidi mlangamia. Haina jani, haina shina, wala haina mzizi. Mwili wake wote ni nyuzi nyembamba zilizojificha ndani ya mmea mmoja utambaao msituni, wa jamaa ya mzabibu. Humo ndimo inamopata maji na chakula chote. Mtu aweza kupita karibu na mmea huo miaka na miaka asijue kuwa ndani yake mna mgeni.

Jambo la ajabu ni kwamba mwaka 2007 wataalamu walipochunguza nasaba ya mmea huu, waliona kuwa ukoo wake umetokana na jamaa ya muhogo na mbono. Maua ya mbono ni madogo sana, nanyi mwayajua. Basi kumbe ua kubwa kuliko yote limetoka katika ukoo wa maua madogo.

Wakati ukifika, gome la mmea ule hupasuka na tumba huchomoza. Mwanzo ni dogo kama kifundo tu. Hukua polepole kwa miezi mingi, na kwa aina zilizo kubwa huweza kupita mwaka, hata likawa kama kabichi kubwa. Katika muda huo matumba mengi huoza au huliwa na wanyama. Lile linalosalimika huchanua, likakaa siku tano au saba tu, kisha hugeuka jeusi na kuoza.

Katika siku hizo chache ndipo kazi yote ya uzazi inapofanyika. Raflesia ni kama mpapai: kuna dume na kuna jike. Ile harufu mbaya ni ya kuwaita nzi wa mizoga. Nzi huja akidhani amepata nyama, akaingia ndani kutafuta asichokipata. Akiwa katika ua dume hupakwa mgongoni unga wa uzazi, ambao katika ua hili si unga mkavu bali ni kama uji mzito. Ili mbegu ipatikane, yapasa nzi huyo aingie tena katika ua jike lililochanua siku zizo hizo, mahali ambapo mabawa yake yaweza kumfikisha. Ikiwa hapana jike lililo wazi, safari yake ni bure. Ikiwa lipo, baada ya miezi kadhaa hupatikana tunda lenye maelfu ya mbegu ndogo sana.

Tafadhali tulizingatie jambo hili, maana ndilo kiini cha maneno yetu. Anayechuma tumba moja la raflesia haondoi ua moja tu. Huenda ameondoa dume pekee lililokuwa lichanue wiki ile katika bonde zima, na jike lililo ng'ambo likachanua na kuoza bila mbegu. Karafuu tunazichuma kwa mapishi kwa sababu mti mmoja una matumba maelfu. Raflesia hutoa machache, tena mengi katika hayo hayafiki mwisho.

Na kwa nini watu huyachuma? Huyachuma kwa dawa. Katika sehemu nyingi za nchi hizo matumba huuzwa kuwa ni dawa ya mwanamke aliyetoka kujifungua. Hatuwacheki, maana nasi tuna miti yetu ya uzazi na twaiheshimu. Lakini dawa inayochumwa kabla mmea haujazaa, siku moja haitapatikana hata kwa mgonjwa.

Adui mkubwa zaidi ni kukatwa kwa msitu. Miti hukatwa ili kulima michikichi na kahawa na kupitisha barabara. Ule mmea wa jamaa ya mzabibu ukikatwa, mgeni wake hufa pamoja nao, kwa kuwa hana pengine pa kuishi. Tena hata wale wanaokwenda kulitazama ua huweza kuliharibu, wakiwa wengi na wakikanyaga matumba machanga yaliyojificha chini ya majani.

Mwaka 2023 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa hesabu yao. Aina za raflesia zilizojulikana zilikuwa 42, nazo zote zimo hatarini. Katika hizo, 25 zimo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Walionyesha pia kuwa kwa kila aina tatu, mbili hazimo katika ulinzi wowote uliowekwa.

Mtu aweza kusema, basi naipandwe bustanini. Jambo hilo si jepesi. Mbegu zake ni taabu kuoteshwa, kwa kuwa sharti ziingie ndani ya mmea ulio hai. Katika bustani ya serikali ya Bogor, Java, walitumia njia ya kuunganisha vipande vya mmea wenye raflesia ndani yake na shina la mmea mwingine wa namna hiyo. Baada ya kungoja miaka, mwaka 2010 wakapata ua la aina iitwayo Rafflesia patma. Ni kazi ya kusifiwa, lakini haiwezi kuwa badala ya msitu.

Serikali ya Indonesia nayo imeliheshimu ua hili. Mwaka 1993 ilichagua maua matatu kuwa maua ya taifa: asumini, okidi nyeupe, na raflesia kwa kuwa ni adimu. Heshima ni nzuri, ila haimzuii mwenye njaa kukata msitu wake.

Kwa sababu hiyo habari tuliyoipenda zaidi ni ya Poring, katika jimbo la Sabah, Malaysia, karibu na mlima Kinabalu. Huko raflesia nyingine huota katika ardhi za wanakijiji wenyewe. Zamani matumba yaliuzwa. Tangu miaka ya 1990 baadhi ya wenye ardhi waliona njia nyingine: huzungushia ua mahali penye matumba, hutengeneza njia ya kupita, na tumba likichanua huweka tangazo kando ya barabara. Mgeni hulipa kiingilio, hutazama, huenda zake. Tumba likiuzwa, fedha yake hupatikana mara moja. Mmea ukiachwa hai huweza kutoa tumba jingine, na mwenyewe huwa mlinzi bila ya kuamrishwa na mtu. Hatusemi kuwa ni utajiri. Ua halina ahadi, na miezi mingine hupita bila hata moja. Lakini ni faida asiyoipata aliyekwisha kukata msitu.

Jambo hili si geni kwetu. Kidike, Pemba, wanakijiji huwalinda popo wakubwa wa Pemba, ambao hawapatikani pengine popote duniani, na wageni hulipa kuwatazama. Popo hao walikuwa wamepungua mno katika miaka ya 1980 kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Vijiji vilipoanza kuwalinda, wakaongezeka tena.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wenye kipande cha msitu mwishoni mwa shamba, kabla ya kukifyeka kwa kupanda mikarafuu michache, waulize kwanza kina nini ndani yake. Wawaulize wazee wanaojua miti na wamwite bwana misitu akitazame. Mkarafuu twaweza kuuotesha kitaluni mwaka wowote, lakini viumbe vingine havina kitalu.

Mwenye swali au habari ya mmea asioujua katika shamba lake, na ailete ofisini kwetu. Tutaifikisha kwa wanaohusika, na jibu tutaliandika humu.

Katibu