Wenyeji wa Mbio: Desturi za Mashabiki wa Magari Kutoka Membley

Wiki ya Safari Rally ikikaribia, utaijua Membley, mtaa wetu wa Ruiru, kwa masikio kabla ya macho. Gereji za kando ya Eastern Bypass hufanya kazi hadi usiku. Subaru zilizokuwa zikiendeshwa kwenda kazini na kurudi mwaka mzima huletwa kubadilishiwa oili, kukaguliwa breki na kuongezwa taa za mbele. Huko Kamakis, kando ya barabara hiyohiyo, meza za nyama choma hugeuka mabaraza: nani anaondoka siku gani kwenda Naivasha, na gari la nani lina nafasi? Mkazi aliyehamia mtaani juzi hushangaa, kwa maana majirani waliokuwa wakisalimiana kwa kupungiana mkono getini sasa wanakaa pamoja kupanga safari.

Wapo wanaodhani kwamba mbio za magari ni burudani ya wenye pesa, na kwamba sisi wengine twaenda kupiga picha tu. Sikubaliani nao. Kutazama magari ya mashindano ni desturi ya watu wa huku kama ilivyo harusi au sherehe ya kumpokea mtoto, na ina adabu zake, vyakula vyake na wazee wake. Ila mbio zenyewe si za aina moja, na kila aina humpa mtazamaji nafasi tofauti. Ipo inayomfanya mgeni, na ipo inayomfanya mwenyeji.

Tuanze na wazee. Ruiru waliyoijua wao ilikuwa ya mashamba ya kahawa, na barabara ya Thika haikuwa na njia nane wala madaraja ya juu yaliyofunguliwa mwaka 2012. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi yalifanyika Pasaka, majira ya mvua za masika, tena katika barabara za kawaida zilizotumiwa na mabasi, mikokoteni na ng'ombe. Msafara wa kuzunguka Mlima Kenya ulipopangwa, watu wa upande wetu hawakuhitaji nauli. Walitoka nje ya nyumba zao, wakasimama juu ya ukingo wa barabara na kusubiri.

Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ya kwanza, ile ya kusukuma. Gari likizama kwenye matope, wanakijiji walivua viatu, wakakunja suruali, wakalitoa. Hawakuuliza dereva ni wa nchi gani. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na katika miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404 yake. Katika mashindano ya namna hiyo, mtazamaji alikuwa sehemu ya safari yenyewe. Ndiyo maana majina ya madereva yaliingia vinywani mwa watu kama majina ya jamaa. Joginder Singh alishinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mara 5, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Watoto wa miaka ya 1990 walikua wakimshangilia Patrick Njiru na Subaru yake, na ukitaka kujua kwa nini gari hilo linapendwa hivi mtaani kwetu, anzia hapo.

Safari iliondolewa kwenye mashindano ya dunia baada ya mbio za 2002. Ilirudi mwezi Juni 2021, miaka 19 baadaye, ikiwa na sura nyingine kabisa. Leo magari hushindana katika hatua zilizofungwa, nyingi zikiwa ndani ya mashamba makubwa na hifadhi zinazozunguka Naivasha na Elmenteita: Kedong, Soysambu, Loldia, Sleeping Warrior na Hell's Gate. Mtazamaji hawezi kungojea mlangoni kwake. Ni lazima asafiri.

Kwa watu wa Membley, hatua ya Kasarani ilikuwa zawadi. Ilipotengenezwa mwaka 2021, ikiwa na urefu wa kilomita 4.84, mashindano ya dunia yalisogea mpaka umbali wa nauli ya matatu. Magari yalitoka mawili mawili, kila moja kwenye njia yake, na mtazamaji aliona mashindano macho kwa macho badala ya kungoja saa kwenye ubao. Nusu dakika ya kwanza iliamsha uwanja mzima. Injini zilinguruma, kokoto ziliruka, na vumbi lilipanda hadi kwa waliosimama nyuma kabisa. Hapo uliwaona watoto wa shule na akina mama wenye leso mabegani, wote wameelekeza simu upande mmoja.

Naivasha ni safari ya namna nyingine, na maandalizi yake yana mpangilio. Jioni ya kuamkia safari, chai ya maziwa hutiwa kwenye thamosi, mayai huchemshwa, na chapati hufungwa kwenye karatasi ya fedha. Nyama hubebwa mbichi na jiko la makaa huwekwa kwenye buti. Alfajiri na mapema, kabla ya foleni ya Mai Mahiu kuanza, magari hukutana kituo cha mafuta na kuondoka kwa pamoja, mwenye gari dhaifu akiwekwa katikati ili asiachwe. Wakifika, anayejua mahali huchagua sehemu iliyoinuka, upande ambako upepo unatoka ili vumbi liende mbali nao. Kule Kedong kuna vumbi ambalo madereva huliita feshi-feshi, laini kama unga wa ngano, na mguu huzama ndani yake hadi kifundoni. Gari likilipiga, wingu huziba kila kitu. Aliyekaa upande mbaya atasikia mbio bila kuziona.

Kabla ya gari huja helikopta, na helikopta ikisikika watu huacha nyama jikoni. Gari hupita kwa sekunde chache, kisha kuna kungoja dakika kadhaa mpaka la pili. Mgeni huona ni kungoja kwingi kwa kitu kidogo. Lakini mazungumzo yote ya siku hukaa ndani ya dakika hizo: nani alikata kona vizuri, nani amepoteza tairi, na kwa nini Toyota wameshinda kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2025. Wengi bado wanamkumbuka Thierry Neuville, aliyeongoza hadi asubuhi ya mwisho mwaka 2021, kisha gari lake likavunjika na Sébastien Ogier akachukua ushindi. Na mwaka 2022, Maxine Wahome aliposhinda daraja la WRC3 la mashindano ya dunia, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo popote duniani, wasichana wengi walipata jina lao wenyewe la kutaja katika mabishano haya.

Mashindano ya dunia yana ukubwa ambao hakuna kingine kinaweza kuufikia. Lakini yana utepe. Mtazamaji huambiwa asimame wapi, apite wapi, na kuna maeneo ya wageni waalikwa ambayo atayaona kwa mbali. Utepe huo unaokoa maisha, nami nauunga mkono. Hata hivyo, mtu anayesimama nyuma yake amekuja kama mgeni.

Mashindano ya taifa ni nyumba nyingine. Raundi zake huzunguka nchi, Guru Nanak ikiwa miongoni mwa zile za miaka mingi, na magari ni yale tunayoyafahamu: Mitsubishi Evo, Subaru, na siku hizi Škoda na Ford Fiesta. Hakuna helikopta ya kutangaza. Kituo cha matengenezo huwa kiwanja cha kawaida chenye mahema, na hapo ndipo tofauti inapojulikana. Utamwona fundi amelala chini ya gari akibadilisha giaboksi huku saa ikimkimbiza, mikono yake imejaa grisi, na mtoto wako amechuchumaa hatua tatu kutoka kwake. Dereva anaposhuka, utamsalimia naye ataitikia. Dereva kama Carl Tundo, aliyeshinda Safari mara 5 wakati ambapo haikuwa kwenye kalenda ya dunia, alionekana hivyo na maelfu ya watu, ana kwa ana.

Karibu zaidi ya hapo ni otokrosi, mizunguko mifupi ya vumbi kama ile iliyozoeleka Jamhuri Park jijini Nairobi. Hapo gari halipotei. Unaliona tangu linapoanza mpaka linapomaliza. Watoto wana madaraja yao na huendesha vigari vyao wenyewe, wazazi wakiwa kando wamejiuma midomo. Familia inayotaka kuanza desturi hii ianzie hapo.

Kwa wazee wetu, utamu uko kwenye Safari Classic, iliyoanza mwaka 2003, mbio za asili zilipotimiza miaka 50. Magari ya zamani, Datsun, Ford Escort na Porsche 911, hupita kwa siku nyingi katika barabara za mbali. Björn Waldegård, aliyeshinda Safari mwaka 1977, 1984, 1986 na 1990, alirudi akashinda Classic mwaka 2007 na 2011. Aliyemwona akiwa kijana aliweza kumwonyesha mjukuu wake dereva yuleyule, bado mshindi. Ni mashindano machache duniani yanayoweza kumpa babu nafasi hiyo.

Vijana wanaofuatilia mbio za dunia kwenye simu huniuliza kama huko ng'ambo wanatazama vizuri zaidi. Saa 24 za Le Mans, zilizoanza mwaka 1923 nchini Ufaransa, hukimbiwa kwenye mzunguko wa takriban kilomita 13.6. Gari likipita, litarudi baada ya dakika tatu au nne, na watu hupiga kambi na kuchoma nyama usiku kucha. Katika mashindano ya IMSA ya Marekani, mashabiki huruhusiwa kutembea kati ya magari yaliyopangwa kabla ya mbio kuanza. Hata huko, basi, waandaaji wamegundua kwamba shabiki haridhiki na kasi peke yake. Anataka ukaribu. Ukaribu huo sisi tulikuwa nao tangu 1953 bila kuununua, na inafaa tuujue thamani yake.

Tukiujua, tuutunze kwa matendo. Usisimame upande wa nje wa kona, hata kama picha ni nzuri huko, kwa maana gari likishindwa kupinda litakuja huko. Usiache chupa wala makaa ya moto kwenye shamba la mtu. Na ukirudi nyumbani, Thika Road si hatua ya mashindano. Kijana anayewafukuza wenzake kuanzia Githurai hadi Ruiru hajaiga chochote cha Joginder, aliyeheshimiwa kwa kufikisha gari.

Kuna jambo moja zaidi linaloniuma. Kule Naivasha, magari ya kiwanda yakishapita, watu wengi hukunja viti na kuelekea mjini kwenye muziki. Nyuma yao madereva wa Kenya bado wanakuja, katika magari waliyoyatafutia pesa na vipuri mwaka mzima, na barabara waliyoachiwa imekwisha kuchimbika. Wazee wetu walisukuma gari la mtu wasiyemjua ili limalize safari. Sisi tunaombwa jambo dogo kuliko hilo: kubaki dakika 40 zaidi. Mtaa wetu ukitaka kuitwa wenyeji wa mbio, tupange safari zetu hivyo. Jiko lisizimwe na gari la Membley lisiwashwe mpaka dereva wa mwisho apite na kushangiliwa sawa na wa kwanza.