Jino, Majivu na Mvulana wa Nariokotome

Jino la mjukuu wangu lilianza kucheza siku ya Jumatano. Kufikia Jumamosi lilikuwa linaning'inia kwenye ufizi kama mlango uliobaki na bawaba moja, naye alikuwa akilisukuma kwa ulimi tangu anaamka hadi analala. Ana miaka sita. Dada yake ana tisa, na ndiye aliyeniomba niwapeleke Makumbusho ya Taifa kule Nairobi, maana alikuwa amesikia darasani kwamba kuna mifupa ya mtoto wa kale mno.

Basi sogeeni karibu niwasimulie.

Mimi naishi Thika, wao wanaishi Ruiru. Nilipanda matatu alfajiri, nikawakuta kwenye steji na mama yao, amebeba chapati na chupa ya chai. Tulipofika Kahawa tukawa sambamba na lori lililosheheni mawe ya kijivu. Mdogo akaruka kitini.

"Shosho, yale si mawe ya nyumba yetu?"

Kweli yalikuwa mawe ya Ndarugu, yanayokatwa kwa mashine kwenye machimbo ya upande wa Juja. Nyumba nyingi mnazoziona kati ya Thika na Ruiru zimejengwa kwayo. Nikamwambia, "Mawe hayo yaliwahi kuruka angani." Akanitazama kama ninamdanganya.

Sikuwa namdanganya. Mamilioni ya miaka iliyopita, volkano za huku kwetu zililipuka zikarusha majivu moto. Majivu yakatua, yakarundikana tabaka juu ya tabaka, yakashikana yakawa jiwe. Ukipata kipande kilichomeguka, kipanguse kwa kidole uone unga wake. Kimwagie maji uone kinavyoyanywa, kwa sababu kimejaa vitundu. Ukikiweka juani ukakitazama kwa kioo cha kukuzia, utaona vipunje vidogo vinavyometameta. Vipunje hivyo vikumbukeni, tutavirudia.

Tulishuka Ngara tukapanda kwa miguu hadi kilimani. Makumbusho yale yamekuwa hapo tangu 1930. Tembo Ahmed wa Marsabit alitupokea uani, sanamu yenye ukubwa wake kamili na pembe zinazokaribia kugusa chini. Alipokuwa hai, Rais Jomo Kenyatta alitoa amri maalumu alindwe, akalindwa hadi alipokufa mwenyewe mwaka 1974. Watoto walitaka kukaa hapo siku nzima. Wakataka kuwaona na nyoka. Lakini dada mtu alikuwa na haja yake, akatuvuta mikono.

Na hatimaye tukasimama mbele yake: Mvulana wa Turkana. Fuvu la rangi ya kahawia iliyokolea, mbavu, mifupa mirefu ya mapaja. Watoto wakanyamaza. Hata mimi nilinyamaza, na si mara yangu ya kwanza kumwona.

Hakuwa mtu kama sisi kabisa. Wanasayansi humwita *Homo erectus*, ndugu yetu wa zamani. Ubongo wake ulikuwa kama theluthi mbili ya wetu, lakini miguu ilikuwa mirefu, na alitembea wima kama mnavyotembea ninyi.

"Alikuwa mkubwa kiasi gani?" dada mtu akauliza.

Nikamwambia asimame karibu nami. Urefu wa mvulana yule ulikuwa kama sentimita 160, yaani angenifikia mimi shosho wenu kichwani. Dada mtu ananifikia kifuani. Zamani wataalamu walimlinganisha na watoto wa leo, wakasema huenda alikuwa na miaka 11 au 12. Baadaye wakayachunguza meno. Jino hukua kwa kujiongezea tabaka jembamba sana siku baada ya siku, na kila tabaka huacha mstari unaoonekana kwa hadubini. Walipohesabu, wakapata miaka minane hivi. Magego yake ya mwisho yalikuwa bado yamejificha ndani ya taya.

"Kumbe mimi ni mkubwa wake!" akasema dada mtu. Mdogo yeye hakusema kitu. Alikuwa amegusa jino lake kwa kidole, anamtazama yule mvulana mdomoni.

Sasa niwaambie juu ya aliyemwona kwanza, kwa sababu jina lake lapaswa kujulikana na kila mtoto wa nchi hii. Aliitwa Kamoya Kimeu. Alitoka Ukambani, shule alisoma miaka michache tu, akaanza kazi ya uchimbaji na akina Leakey, watafiti wa mifupa ya kale, kule Olduvai, Tanzania, mwaka 1960. Agosti 1984 alikuwa na kikosi chake Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Alikuwa akitembea karibu na mto mkavu, juu ya ardhi iliyojaa vijiwe vyeusi. Katikati ya vijiwe hivyo akaona kipande cha mfupa wa fuvu, kidogo, chenye rangi karibu sawa na vijiwe vyenyewe. Mmewahi kuchagua maharagwe jioni, taa ikiwa hafifu? Jiwe hufanana na haragwe, na mkono usiozoea hulipitisha likaja kumvunja mtu jino mezani. Kamoya alikuwa na jicho la namna hiyo, ila yeye alichagua nchi nzima kavu, huku jua likimwakia kichwani.

Richard Leakey na Alan Walker waliongoza uchimbaji uliofuata. Misimu kadhaa walichimba na kuchekecha udongo, hadi wakapata mifupa mingi ya mtoto mmoja. Mwaka 1985 Kamoya alitunukiwa nishani na Rais Reagan katika Ikulu ya Marekani. Alifariki mwaka 2022. Mimi humkumbuka kila nikipita pale.

"Lakini walijuaje ni wa zamani?" Mama yao ndiye aliyeuliza safari hii. Swali zuri, maana mfupa hauna tarehe. Tukatoka nje, tukaketi kwenye nyasi, chapati zikagawanywa, nami nikawaeleza hivi.

Kumbukeni vile vipunje vinavyometa ndani ya jiwe la majivu. Vina potasiamu, ileile iliyomo kwenye ndizi na maharagwe. Sehemu ndogo mno ya potasiamu hiyo hubadilika polepole, na baadhi yake huwa gesi iitwayo agoni. Polepole kweli: nusu yake huchukua miaka bilioni moja na robo kubadilika. Sasa fikirieni uji ukiwa jikoni. Ukichemka, mapovu yanapasuka na hewa inatoka. Ukipoa ukaganda juu, hewa inanaswa ndani. Volkano nayo ni hivyo. Ikiwa moto, gesi yote hutoroka, na saa inasoma sifuri. Kipunje kikipoa, kila chembe ya agoni inayozaliwa hubaki imefungiwa humo. Mtaalamu akiipima gesi na potasiamu iliyobaki, anajua volkano ililipuka lini.

Na mvulana? Yeye alilala kwenye tope, na majivu ya volkano yalikuwa yametanda chini, mengine yakaja kutanda juu baadaye. Kama mtoto kitandani: ukijua shuka ilitandikwa saa ngapi na blanketi liliwekwa saa ngapi, unajua alilala katikati ya saa hizo. Ndivyo walivyopata takriban miaka milioni moja na nusu.

Hapo ndipo jino lilipotoka. Lilibaki ndani ya chapati, na damu kidogo, na kilio kifupi kilichogeuka kicheko. Mama yake akalifunga kwenye karatasi.

Tulirudi Ruiru jua likizama. Desturi yetu mnaijua: jino hurushwa juu ya paa, na mtoto huomba lingine jipya. Lakini mjukuu wangu alikataa katakata. Alienda ploti ya jirani kunakojengwa, akakusanya unga wa kijivu ambapo fundi alikuwa akichonga mawe, akaja nao ndani ya kopo la kakao. Akamwaga tabaka la chini. Akaweka jino. Akamwaga tabaka la juu, akashindilia kwa kijiko.

"Sasa siku moja mtu atalichimba," akasema, "na atajua nililitoa leo."

Dada yake aliinamia kopo, akafikiri kwa muda mrefu.

"Hapana," akasema. "Saa ya hayo majivu haikuanza leo. Ilianza volkano ilipopoa. Watapima, watasema una mamilioni ya miaka."

Mdogo akamtazama, akalitazama kopo, kisha akatabasamu mpaka pengo likaonekana.

"Wacha waseme," akasema, akafunika kifuniko.