Batisi hutambuliwa kwa jike wake

Msafiri anayevuka mpaka wa Rusumo kuingia mkoa wa Kagera nchini Tanzania, sawa na anayezuru vichaka vya Akagera nchini Rwanda, huweza kumwona ndege mdogo wa sentimita 11 hivi akiokota wadudu majanini. Wataalamu humwita batisi. Utosi wake ni wa kijivu, uso una utaji mweusi, macho ni ya manjano na mkia ni mfupi.

Wengi humtazama dume, kwa kuwa mkanda wake mweusi kifuani huonekana upesi. Hapo ndipo makosa yanapoanzia, kwani madume wa spishi kadhaa hufanana mno. Tofauti iko kwa majike. Jike wa batisi wa savana, aliyeenea kutoka Uganda na Kenya hadi Afrika Kusini, ana mkanda wa rangi ya kutu kifuani na doa la rangi hiyo hiyo kooni, lenye kingo zilizo wazi. Jike wa batisi wa pwani, anayeishi kutoka Kenya hadi Msumbiji, ana doa hafifu lisilo na mpaka dhahiri. Yule wa batisi kichwa-cheusi, aliyeko Uganda, ana mkanda wa hudhurungi iliyokolea, bali koo lake ni jeupe. Katika misitu ya milima ya Nyungwe na Kibira mambo hubadilika: batisi wa huko, jike na dume, wote wana mkanda mweusi.

Sikio nalo husaidia. Batisi wa savana hupiga mbinja mbili au tatu, kila moja ikishuka chini ya iliyotangulia, na mara nyingi husikika kabla hajaonekana.

Kosa la utambuzi si jambo dogo. Kwa miaka mingi batisi wa misitu ya Udzungwa na Uluguru, Tanzania, walihesabiwa kuwa spishi moja na wale wa Usambara. Mwaka 2006 watafiti Fjeldså, Bowie na Kiure walieleza kuwa ni spishi mbili. Tangu hapo kila moja inategemea misitu michache zaidi kuliko ilivyodhaniwa, na kukatwa kwa msitu mmoja kuna uzito mwingine.

Kwa kawaida batisi huandamana wawili wawili. Aliyemwona dume angojee kidogo. Jike hayuko mbali.