Majina ya Hesabu Kubwa Katika Kiingereza

Mfasiri akutanaye na neno la Kiingereza ambalo sisi twaliita bilioni hudhani kwamba kazi yake ni nyepesi, kwa kuwa tumekwisha kulitohoa. Lakini katika Kiingereza neno hilo limepata kuwa na maana mbili, na moja huizidi nyingine mara elfu.

Majina haya asili yake ni Ufaransa. Katika mswada wake wa mwaka 1484, Nicolas Chuquet alivitwaa viambishi vya Kilatini vyenye maana ya mbili, tatu, nne na kuendelea, akaviunga na mwisho wa neno milioni. Kwa kanuni hiyo bilioni ni milioni mara milioni, yaani 1 ifuatwayo na sufuri 12, na trilioni ina sufuri 18. Jina lenyewe lilionyesha ni milioni ngapi zilizozidishwa pamoja.

Baadaye Wafaransa wengine walipanda kwa elfu badala ya milioni, hata bilioni ikabaki na sufuri 9 na trilioni 12. Hesabu hiyo ndiyo iliyoshika Marekani, hali Waingereza aghalabu walidumu na ile ya Chuquet, na hesabu yenye sufuri 9 wakaiita milioni elfu. Mwaka 1974 Waziri Mkuu Harold Wilson alilijulisha Bunge kwamba mawaziri wake wangeitumia bilioni kwa maana ya Kimarekani, na leo maana hiyo ndiyo ya kawaida katika Kiingereza. Ufaransa, kinyume chake, iliirudia hesabu ya kale mwaka 1961.

Liko pia jina lisilofuata kanuni yoyote. Gugoli, yaani 1 yenye sufuri 100, ilienezwa na Edward Kasner, mtaalamu wa hesabu wa Marekani. Jina hilo alilibuni mpwa wake, naye alikuwa mtoto mdogo. Ajabu ni kwamba neno hili la kitoto halijapata kuwa na maana mbili.

Tofauti hii si ndogo. Sekunde bilioni moja za Kimarekani hazitimii miaka 32. Za Kiingereza cha zamani hupita miaka 31,000. Kwa hiyo afasiriye kitabu cha Kiingereza cha kabla ya 1974 hana budi kutazama kwanza mwandishi ni wa nchi gani, kisha aandike tarakimu zenyewe, au aseme milioni elfu, ambayo haina utata.