Msaada wa dharura wa serikali: unamfikiaje mkulima wa Bariadi?

Mvua inapokatika mapema Simiyu, au bei ya pamba inapoanguka, swali la kwanza katika jumuiya zetu huwa: "Je, serikali itatusaidia?" Makala haya yanaeleza njia tatu ambazo msaada huo umepitia, ili kamati za parokia zijue pa kubisha hodi, na wafadhili waelewe kwa nini kaya nyingine hubaki bila kitu.

Njia ya kwanza: bei ya mazao

Mwaka 2008 msukosuko wa fedha duniani uliangusha bei ya pamba. Wakati huo Bariadi ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Juni 2009 Rais Jakaya Kikwete alitangaza mpango wa kunusuru uchumi. Ndani yake zilikuwemo shilingi bilioni 21.9 za kufidia hasara ya kampuni na vyama vya ushirika vilivyonunua pamba na kahawa msimu wa 2008/09, ili viweze kuendelea kununua.

Fedha hizo hazikugawiwa kaya kwa kaya. Msaada wa namna hii humfikia mkulima kwenye mizani, naye hupata kulingana na kilo zake. Tuchukue mfano: nyongeza ya shilingi 100 kwa kilo humpa mwenye kilo 600 shilingi 60,000. Aliyekaushiwa na jua akavuna kilo 40 hupata shilingi 4,000 tu, ingawa yeye ndiye mwenye njaa.

Njia ya pili: ruzuku kwa kaya maskini

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF ulizinduliwa mwaka 2012, na kipindi chake cha pili Februari 2020. Huu ulilenga kaya yenyewe: ruzuku ya fedha, na ajira za muda kwa wenye nguvu za kufanya kazi. Majina yalianzia kwenye mkutano wa kijiji. Asiyehudhuria, wala kusemewa na jirani, aliweza kuachwa.

Njia ya tatu: chakula

Mahindi ya akiba hutunzwa na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA). Ombi la msaada huanzia chini, kwani Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inaweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji. Hata hivyo msaada huu si wa kutegemea kila mwaka. Januari 2017, wakati wa ukame, Rais John Magufuli alisema wazi kuwa serikali haitawagawia chakula watu wenye uwezo wa kufanya kazi.

Nani hubaki nje?

Njia zote tatu hutegemea maandishi: stakabadhi ya mizani, orodha ya kijiji, taarifa ya kamati. Mjane anayelima shamba la ukoo, mke ambaye pamba yake huuzwa kwa jina la mume, na mzee anayelea wajukuu, hawa mara nyingi hawana karatasi yoyote.

Kamati zifanye nini?

Kwanza, kila jumuiya iwe na daftari la kaya zenye shida, bila kubagua dini, na lihakikiwe kila baada ya mavuno. Pili, wanajumuiya wahimizwe kuhudhuria mikutano ya kijiji na kuwasemea wasioweza kufika. Tatu, kila mkulima, mwanamke kwa mwanamume, ajiandikishe kwa jina lake na atunze stakabadhi zake. Nne, ukame unapoanza, taarifa ifike kwa mtendaji wa kijiji mapema, kabla maghala ya nyumbani hayajakauka.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: gunia la parokia lisirudie pale serikali ilipokwisha kufika. Liende kwa yule ambaye jina lake halikusomwa. Na ili tumjue, lazima kwanza tumwandike.