Fowadi kiraka: Timu za Garissa zimlete au zimwache?

Msimu wa mashindano ya mpira wa vikapu unapokaribia, timu ndogo hukabiliwa na swali lile lile. Je, fedha chache zilizopo zitumiwe kumleta mchezaji mmoja wa nje, hususan fowadi awezaye kucheza nafasi zaidi ya moja, au zibaki kwa vijana waliopo? Kwa timu za Garissa, Wajir na Mandera, ambazo nauli ya kwenda Nairobi pekee yaweza kukausha mfuko, swali hilo si la mzaha.

Fowadi wa aina hiyo, ambaye mashabiki humwita kiraka, ana thamani yake. Atamkaba mchezaji mwepesi wa wapinzani, kisha ashuke chini ya kikapu kupigania mipira inayorudi kutoka ubaoni. Mwenzake akiumia, yeye huziba pengo bila kocha kulazimika kupangua kikosi kizima. Lakini kiraka hushonwa kwenye nguo iliyopo. Hakuna ashonaye kanzu ya kiraka kimoja.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Luol Deng, mwana wa nchi jirani. Alizaliwa Wau mwaka 1985, katika eneo ambalo sasa ni Sudan Kusini, akakimbilia Misri pamoja na jamaa zake, kisha akalelewa London kabla ya kwenda Marekani. Akiichezea Chicago Bulls, aliteuliwa miongoni mwa nyota wa ligi ya NBA mwaka 2012 na 2013. Kocha wake, Tom Thibodeau, hakuwa mwepesi wa kumpumzisha: kwa misimu miwili mfululizo Deng aliongoza ligi nzima kwa wastani wa dakika za kuwa uwanjani.

Hata hivyo, Januari 7, 2014, Bulls walimtoa kwa Cleveland Cavaliers. Mkataba wake ulikuwa ukifikia kikomo msimu huo, na tegemeo lao, Derrick Rose, alikuwa ameumia goti Novemba 2013. Mfugaji yeyote anayelijua soko la mifugo la Garissa ataelewa hesabu hiyo: mnyama unayejua kwamba kiangazi kitakupokonya, humuuza angali na bei.

Chicago ilimpokea Andrew Bynum na kuachana naye papo hapo, ili isilipe nusu iliyosalia ya mshahara wake wa dola milioni 12. Ilipewa pia haki za kuteua chipukizi katika miaka iliyofuata, ingawa zilikuwa na masharti. Mojawapo, iliyotoka Sacramento, ilishuka thamani hadi ikawa ya raundi ya pili mwaka 2017. Kwa haki hiyo aliteuliwa Jordan Bell katika nafasi ya 38, naye akauzwa kwa Golden State Warriors kwa dola milioni 3.5. Mwaka uliofuata Bell alitwaa ubingwa huko. Muuzaji naye, kumbe, hupunjwa.

Na Cleveland? Deng aliichezea mechi 40, akifunga wastani wa pointi 14.3. Timu ilimaliza msimu kwa ushindi mara 33 na vichapo 49, ikakosa awamu ya mchujo. Meneja mkuu Chris Grant alifutwa Februari, hata mwezi mmoja haujatimia vizuri tangu aidhinishe mpango huo. Julai, Deng akiwa huru, alijiunga na Miami Heat, na Cavaliers hawakupata chochote badala yake. Kwa maoni yangu lawama si za mchezaji. Kikosi kile kichanga kilikuwa na matundu mengi mno, tena hakikuwa na njia ya kumzuia asiondoke.

Huku kwetu hakuna biashara ya kubadilishana wachezaji kwa mtindo huo. Mchezaji hufuata ajira au masomo. Ulinzi ni timu ya wanajeshi, KPA ni ya Halmashauri ya Bandari, ilhali timu ya mtaani Garissa haina kazi ya kumwahidi kijana wa Nairobi. Huja kwa ajili ya mashindano, na yakiisha hupanda basi, akasafiri kilomita 370 hivi, akarejea kwao. Yule kijana aliyewekwa benchi kumpisha hubaki alivyokuwa, pengine ameshakata tamaa na kuhamia kandanda.

Ndiyo maana naona timu isimlete kiraka kabla ya kuwa na mwongozaji mpira hodari na mtu wa kuaminika chini ya kikapu. Hata ikiwa nao, makubaliano yawe ya msimu mzima wala si ya wiki mbili, na yawe na sharti la kuwafunza chipukizi.

Kuna pia njia ya karibu zaidi. Dadaab iko takriban kilomita 100 kutoka mjini Garissa, na katika kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera wamo vijana waliozaliwa na kukulia huko. Kikwazo ni kwamba mkimbizi hawezi kutoka kambini bila kibali cha usafiri. Timu inayomtaka kijana wa huko haina budi kushughulikia kibali hicho mapema, kabla ya orodha ya wachezaji kuwasilishwa, la sivyo jina lake litakuwa kwenye karatasi na mwenyewe angali Hagadera.